Maharagwe 53

Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili, Kiingereza kitupu, na Shangazi alinikabidhi kama mtu anayekabidhi barua ya mahakama. "Nisomee polepole," akaniambia, "na usiruke kitu." Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, katika hospitali moja ya hapa Nairobi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi karatasi ikawa inachakarika.

Nikamsomea. Mgonjwa atameza kidonge cha iodini 131. Wiki nzima kabla ya hapo asile chumvi ya dukani, samaki wa baharini, mayai wala maziwa. Akishameza, alale peke yake, anywe maji mengi, avute maji ya choo mara mbili kila anapotoka msalani, na akae mbali na watoto na wajawazito kwa wiki mbili.

"Iodini," akasema. "Si ndiyo hiyo wanatia kwenye chumvi?"

"Hapana, Shangazi. Hiyo ni nyingine kabisa."

Nilijibu haraka, kwa sauti ya mtu anayejua. Kemia niliisoma hadi kidato cha nne na nikatoka na D. Lakini mgonjwa akikuangalia vile, na wewe ndiwe msomi aliyeitwa kuja naye, kusema hujui kunakuwa kugumu. Nikamdanganya, na ilichukua karibu siku kumi kabla ya kujua kwamba nilimdanganya.

Ugonjwa wenyewe ulianza kimyakimya. Shangazi anauza mboga na nafaka mtaa wa Umoja, kibanda kimoja miaka na miaka. Akaanza kukonda huku anakula vizuri. Jasho linamtoka mwezi wa Julai, wakati sisi wengine tumejifunika masweta. Moyo unamwenda mbio ilhali ameketi tu akichambua maharagwe. Watu wa mtaa walishamaliza uchunguzi wao mapema: wengine walisema sukari, wengine walinong'ona mambo mengine. Vipimo vya damu ndivyo vilivyotoa jibu. Tezi ya shingoni, thairoidi, ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Alimeza dawa za kila siku zaidi ya mwaka, zikamtuliza na kumwachia, zikamtuliza na kumwachia, ndipo daktari akaleta habari ya kidonge.

Wiki ya bila chumvi sitaisahau. Nilizunguka maduka nikipindua pakiti moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na iodini, maana sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe iodini ili watu wasiote rovu, ule uvimbe wa shingoni. Shangazi akala ugali na sukuma zisizo na chumvi siku saba, akinung'unika kwamba hospitali inamlisha kama ng'ombe, kisha akajisahihisha: hata ng'ombe hulambishwa chumvi.

Halafu kuna suala la tarehe. Tulionywa kwamba siku ikifika ni lazima awepo, kwa sababu dawa hiyo haikai. Inatoka nje ya nchi, inaagizwa kwa ajili yake, na inapungua nguvu yenyewe hata ikiwa imefungiwa kabatini. Mimi nilidhani wanatutisha tu ili tusichelewe. Tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabla barabara ya Outering haijajaa magari, na tukafika mlinzi bado anapiga miayo.

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo, cha kawaida, kama vile vya malaria. Kilichotisha ni chombo kilichokibeba, kizito, cha madini ya risasi, na yule mhudumu aliyekisukuma mbele kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Shangazi akameza kwa maji. Basi. Akauliza kama ni hivyo tu.

Matatu ilikuwa nje ya swali, nani ajue atakaa karibu na nani? Tulichukua teksi, yeye akaketi nyuma upande wa kushoto, dirisha wazi.

*

Sasa, Shangazi anaishi na mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili. Wiki zile mbili akahamia kwangu na begi la shule, sare mbili na uso uliokunjamana. Usiku wa kwanza hakula. Wa pili akaniuliza, "Anko, Shosho amewekwa nini ndani?" Mtaani alikuwa ameshasikia kwamba bibi yake amemeza kitu cha bomu. Jirani mmoja alikuwa ameacha hata kupita mbele ya nyumba.

Nikamwambia ni iodini lakini si ile ya chumvi. Akafungua daftari lake la kemia, akanionyesha chati ya elementi. "Hapa iko moja tu. Hiyo nyingine iko wapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa.

Tukasoma pamoja, mimi na yeye na kitabu chake, taa ikizimika na kurudi. Atomi ina kiini katikati, ndani ya kiini mna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji, na nje kuna elektroni zenye chaji hasi. Haya yote niliwahi kuyakariri, ningeweza kuyaimba. Nilichokosa ni kujua lipi kati ya hayo matatu ndilo linaloipa elementi jina lake. Nikasema tuyachezee, tuache kuyasoma. Nilikuwa na nafaka za Shangazi jikoni, hisani ya miaka mingi ya "chukua na hii". Nikaleta sinia. Maharagwe yakawa protoni. Ndengu zikawa nyutroni. Punje za mchele zikawa elektroni.

Tukaanza na sodiamu, iko karibu na mwanzo wa chati na haichoshi kuhesabu: maharagwe 11, ndengu 12, mchele 11 pembeni. Chanya 11, hasi 11, sinia imetulia. Akaniambia, "Sasa tengeneza ioni ya sodiamu. Mwalimu anasema ina chaji chanya moja."

Chanya moja. Nikachukua haragwe moja nikaongeza katikati.

Akaniangalia. Kisha akahesabu kwa kidole, haragwe kwa haragwe, hadi 12, akashuka kwenye chati. "Anko, hiyo si sodiamu tena. Umetengeneza magnesiamu."

Nilicheka, lakini nilihisi kitu kimefunguka kilichokuwa kimekwama tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Hilo ndilo kosa nililolifanya kwenye kila mtihani, na hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini ni kosa. Waliweka mkasi tu, ile alama ya X. Maharagwe hayaguswi. Ukiyagusa umebadilisha ukoo. Ukitaka chanya, unatoa punje moja ya mchele. Ukitaka hasi, unaongeza punje. Hiyo ndiyo ioni, na jina la mwenyewe linabaki lile lile.

Nikamkumbuka mwalimu wetu mmoja, maabara ya shule, akitoa kipande cha sodiamu kwenye chupa ya mafuta ya taa kwa koleo. Alikikata kwa kisu kama siagi, akakitupa kwenye beseni la maji. Kikakimbia juu ya maji kikifoka, darasa zima likarudi nyuma. Nikainua mkono: kama sodiamu iko kwenye chumvi, mbona chumvi haifanyi hivyo kwenye sufuria? Darasa likacheka na nikaambiwa nikae chini. Swali lilikuwa zuri, nalisema bila haya. Jibu lake lilikuwa punje moja ya mchele. Sodiamu ya kwenye chupa bado inayo punje yake ya kumi na moja na inatafuta wa kumpa. Ya kwenye chumvi imeshaitoa zamani, imetulia.

*

Iodini tuliijenga usiku wa tatu. Maharagwe 53. Ndengu 74. Mchele 53. Sinia likajaa, na paka wa jirani akaja kuangalia. Jumla ya maharagwe na ndengu, 127. "Hii ndiyo ya chumvi," akasema. Kisha akachukua ndengu nne, akaziweka juu ya rundo, moja, mbili, tatu, nne. 131. "Na hii ndiyo ya Shosho."

Akahesabu maharagwe tena. 53.

Sikusema kitu kwa muda. Ilikuwa iodini ile ile. Ndengu nne tu zaidi. Wataalamu wanaziita isotopu, neno lililotungwa kutoka Kigiriki mwaka 1913, maana yake "mahali pamoja", yaani zote mbili zinakaa kwenye kisanduku kimoja cha chati. Ndiyo maana hakukiona kisanduku cha pili, kwa sababu hakipo.

Hapa lazima niseme sinia linadanganya kwa mambo mawili. Elektroni ni nyepesi kuliko protoni karibu mara 1,836, kwa hiyo mchele wetu ulikuwa mzito kupindukia. Pili ni umbali. Kama kiini chote cha iodini kingekuwa na ukubwa wa haragwe moja, atomi nzima ingekuwa pana zaidi ya mita 200, viwanja viwili vya mpira mwisho kwa mwisho, na mchele wetu ungekuwa unazunguka huko pembezoni. Katikati yote, tupu. Binti alipenda sana hilo, akatoka nje kwenye korido ya ploti kupima kwa hatua, akafika ukuta kabla ya hatua thelathini.

Aliporudi alikuwa na swali jingine, na hili lilinikesha. Kwenye chati, kabla ya iodini kuna teluriamu. Uzito wake umeandikwa 127.6. Iodini, inayofuata, imeandikwa 126.9. "Anko, chati imekosea. Mzito ametangulia."

Nilimwambia alale. Mimi nikabaki na simu hadi bando likaisha. Kumbe swali hilo lilimsumbua hata Mendeleev mwenyewe, Mrusi aliyepanga elementi mwaka 1869. Alizipanga kwa uzito, lakini alipofika hapo aliona iodini inafanana tabia na klorini na bromini, basi akaiweka chini yao kwa nguvu, akasema uzito wa teluriamu umepimwa vibaya. Haukuwa umepimwa vibaya. Jibu lilikuja mwaka 1913 kwa kijana Mwingereza, Henry Moseley, aliyezipiga elementi hadi zikatoa eksirei, akaona kila moja ina nambari yake kamili inayopanda hatua kwa hatua. Teluriamu 52, iodini 53. Tunachohesabu ni maharagwe; uzito unafuata tu. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mimi nikiwa na miaka 27 nilikuwa bado naogopa chati.

Na uzito je? Iodini ya asili ni ya aina moja tu, 127. Teluriamu ya asili ni mchanganyiko wa isotopu, na zaidi ya nusu yake ni zile nzito za 128 na 130, kwa hiyo wastani unapanda. Ndiyo hadithi ya klorini pia, ile 35.5 iliyonitesa shuleni nikitafuta nusu ya protoni. Hakuna nusu ya kitu. Kati ya atomi nne za klorini, takriban tatu ni za 35 na moja ni ya 37, chati ikaandika wastani.

*

Asubuhi nilimpigia Shangazi simu.

"Shangazi, nilikukosea. Ile iodini ni ile ile ya chumvi."

Kimya. "Sasa mbona ulisema ni nyingine?"

"Sikujua."

"Na kama ni ile ile, mbona mlininyima chumvi wiki nzima?"

Huyu mama alimaliza darasa la nne, na swali lake lilikuwa kali kuliko yangu yote. Nikafikiri jinsi ya kulijibu, na kwa sababu matatu ilikuwa inapiga honi chini ya dirisha langu, nikamwambia: chukulia tezi yako ni matatu ya viti 14. Makanga wake hamuulizi abiria ana kilo ngapi, anaangalia nauli tu. Nauli ni zile elektroni, na iodini nyepesi na iodini nzito zina nauli sawasawa, kwa hiyo makanga hawezi kuzitofautisha, anapakia yeyote aliyetangulia. Ungekula chumvi, viti vingejaa abiria wa kawaida, na wa kwetu tuliyemtuma angeachwa stejini.

"Kwa hiyo mlitaka gari lifike stejini tupu," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Ungeniambia hivyo mapema nisingelalamika." Si kweli, angelalamika, lakini nilinyamaza.

Mfano huo nilikuja kuukuta kinyumenyume baadaye. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, iodini 131 ilitua kwenye nyasi, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na maelfu kati yao wakaja kuugua saratani ya tezi hiyo. Kinga ya ajali kama ile ni vidonge vya iodini ya kawaida vinavyomezwa mapema. Unajaza matatu kwa abiria wema ili yule mbaya akose kiti.

Kwa Shangazi, ubaya wa yule abiria ndio uliokuwa unatakiwa. Hili tulilimalizia kwenye sinia. Ndengu nne za ziada zinakifanya kiini kiyumbe, na siku moja ndengu moja inageuka haragwe, halafu punje ya mchele inaruka nje kwa kasi. Binti akatoa ndengu moja, akaweka haragwe mahali pake, akarusha punje ya mchele hadi chini ya kochi. Ile punje ndiyo inayounguza tezi kwa ndani, na haiendi mbali, kama milimita mbili tu. Kinachovuka ngozi na kuwafikia wengine ni miale ya gama inayofuatana nayo, na hiyo ndiyo ilimleta kwangu na begi lake.

"Hesabu maharagwe," nikamwambia.

"54." Akashuka kwenye chati. "Zenoni. Ni gesi!"

Kisha akaona kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Iodini mwilini hutembea ikiwa ioni, imebeba punje moja ya ziada, mchele 54 kwa maharagwe 53. Haragwe lilipoongezeka, 54 kwa 54. "Ile punje iliyokuwa imezidi, haijazidi tena," akasema, na akaandika kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, ambapo wanafunzi huandika mambo yao wenyewe.

Maharagwe yale tuliyapika kesho yake. Ndengu zilibaki kwenye kopo. Mchele wa chini ya kochi niliufagia kwa wiki kadhaa.

Kila siku 8 nusu ya iodini ile inageuka. Alichora jedwali akalibandika mlangoni: siku ya 8, nusu, ya 16, robo, ya 24, thumuni. Nilimwambia nyingine inatoka kwa mkojo, kwa hiyo mwili unaimaliza upesi kuliko jedwali lake. Akasema anajua, ndiyo maana ya kuvuta maji mara mbili, lakini jedwali lisibanduliwe.

Wiki mbili zilipoisha alirudi nyumbani. Mikono ya Shangazi ilikuwa bado inatetemeka; daktari alikuwa ametuambia tezi haizimiki kwa siku moja, ni mambo ya wiki hadi miezi. Mtaani watu waliendelea kumpigia hodi kwa mbali, kisha maharagwe yakapanda bei na yake yakawa ya bei nzuri, wakasahau bomu.

Nilienda kuwaona Jumapili moja, miezi mitatu baada ya kidonge. Shangazi alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, akajaza kikombe hadi ukingoni, na hakuna tone lililomwagika. Hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo. Binti alikuwa na daftari.

"Shosho, leo ni siku ya 96. Imegawanyika nusu mara 12. Imebaki sehemu moja kati ya 4,096, tena hiyo ni bila kuhesabu ya chooni."

"Na hiyo nyingine ilienda wapi?"

"Imekuwa zenoni. Ni hewa. Umeshaipumua."

Shangazi akaweka chupa chini. "Yaani nimelala peke yangu wiki mbili, nimekula ugali wa bila chumvi, mwisho wake nimetoa hewa?"

"Ndiyo, Shosho."

Akatikisa kichwa, akavuta sahani yake ya sukuma karibu, akaonja. Kisha akaninyoshea mkono bila kuniangalia.

"Hebu lete hiyo chumvi."